Nyumba za Mawe za Orkney: Shajara ya Safari

Jumamosi: Scrabster hadi Stromness

Visiwa vya Orkney viko kaskazini ya Uskochi bara, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Pentland, ambako maji ya Atlantiki hukutana na ya Bahari ya Kaskazini na kufanya mikondo inayoheshimiwa hata na manahodha wa meli kubwa. Vipo takriban 70, wengi wa wakazi wake wanaishi katika kile kikubwa kiitwacho Mainland, na vinavyokaliwa na watu ni kama 20 tu. Mpwa wangu, ambaye kazi imemweka Aberdeen kwa muda mrefu, alikuwa amenisihi nije mwezi wa Juni, wakati upepo unapopungua ukali na siku zinapokuwa ndefu kupita kiasi. Tuliondoka kwake alfajiri kwa gari, tukapita Inverness, na mchana tukapakia gari melini Scrabster.

Safari ya kuvuka huchukua dakika 90. Katikati ya njia meli hupita karibu na kisiwa cha Hoy, na abiria wote hukimbilia upande mmoja wa sitaha kuutazama mnara wa mwamba uitwao Old Man of Hoy, wenye urefu wa mita 137, uliotenganishwa na jabali lake na mawimbi na sasa umesimama peke yake majini. Mimi niliutazama kwa sababu nyingine. Ukitulia unaona kwamba mwamba ule umepangwa tabaka juu ya tabaka, na habari za Orkney zinaanzia katika tabaka hizo. Sehemu kubwa ya mawe ya visiwa hivi ilikuwa tope na mchanga uliotuama chini ya ziwa kubwa zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Hugawanyika katika mabamba bapa na yaliyonyooka kiasi kwamba mtu asiye na chuma chochote, mwenye kabari za mifupa na mawe magumu tu, anaweza kupata ukuta, rafu, kitanda na mlango. Kwa kuwa miti ilikuwa haba visiwani, watu wa hapa walitengeneza kwa jiwe vitu ambavyo kwingineko Ulaya vilitengenezwa kwa mbao na vikaoza.

Stromness ni mji mdogo wa nyumba za kijivu zilizogeuza migongo baharini, nyingi zikiwa na gati lake zenyewe. Barabara yake kuu, nyembamba mno, imesakafiwa kwa mabamba ya jiwe hilohilo. Tulipita kwenye kisima kilichofungwa kiitwacho Login's Well, ambacho meli za Kampuni ya Hudson's Bay zilichotea maji kuanzia mwaka 1670 hadi 1891 kabla ya kuelekea Kanada. Makumbusho ya mji yana kitu kidogo kisichofika sentimita 10: umbo la mtu lililochongwa kwa mfupa wa nyangumi, lenye macho mawili na mdomo, lililopatikana Skara Brae, kijiji cha Zama za Mawe kwenye ghuba ya Skaill, katika karne ya 19, likasahaulika ndani ya sanduku la makumbusho na kuonekana tena mwaka 2016. Wenyeji wanaliita Buddo, yaani rafiki. Limechongwa kwa haraka, bila ufundi mkubwa, nami nikalipenda kwa sababu hiyo.

Jua lilitua baada ya saa nne na robo usiku. Saa zetu za Kiswahili, zinazohesabu usiku tangu magharibi, hazina kazi mahali ambapo saa tatu za usiku mtu bado anakata majani bustanini kwake. Kuhusu sala, mpwa wangu alikuwa na ratiba ya msikiti wa Aberdeen, tukaifuata hiyo, maana giza lenyewe halikuja.

Jumapili: Skara Brae

Tulifika ghuba ya Skaill mapema, kabla ya mabasi ya watalii wa meli kubwa kuwasili, na namshauri kila mtu afanye hivyo. Njia ya kutoka jengo la wageni hadi kijijini imepangwa mawe yenye maandishi ya matukio ya dunia, yakirudi nyuma kadiri unavyotembea: mtu kufika mwezini, mapinduzi ya Ufaransa, kuanguka kwa Roma, piramidi za Misri. Baada ya piramidi unaendelea kutembea kidogo, ndipo unafika. Kijiji kilikaliwa kati ya mwaka 3180 na 2500 KK hivi.

Baada ya hapo mchanga ulikifunika kabisa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1850 dhoruba ilifumua majani na mchanga wa tuta la pwani, kuta zikajitokeza, na William Watt, bwana mwenye ardhi ya Skaill, akaanza kuchimba. Kufikia mwaka 1868 nyumba nne zilikuwa wazi. Dhoruba nyingine ya mwaka 1924 ilizoa sehemu ya nyumba moja, na hofu ya kupoteza zilizobaki ndiyo iliyoleta ukuta wa kuzuia bahari na kumleta Profesa Gordon Childe wa Edinburgh, aliyesimamia uchimbaji kuanzia mwaka 1927 hadi 1930. Kwa hiyo bahari ndiyo iliyokifichua kijiji na bahari hiyohiyo ndiyo inayokidai. Mtu akisimama juu ya ule ukuta, mawimbi yako upande mmoja na vitanda vya watu upande wa pili, kwa umbali wa hatua chache tu.

Mgeni haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba. Anatembea juu ya kuta na kuchungulia chini. Mwanzoni nilidhani ningeudhika, lakini kutoka juu mpangilio unaonekana wazi kuliko ambavyo ungeonekana kutoka ndani. Kila nyumba ni chumba kimoja chenye pembe zilizoviringwa. Katikati kuna jiko la mraba lililozungushiwa mawe. Kulia na kushoto kuna vitanda, navyo ni masanduku ya mabamba yaliyosimamishwa, ambayo bila shaka yalijazwa nyasi na ngozi. Cha kulia kwa kawaida ni kikubwa kuliko cha kushoto. Ndani ya ukuta juu ya vitanda kuna vidaka vya kuwekea vitu vidogo. Sakafuni kuna visanduku vya mawe vilivyozibwa kwa udongo wa mfinyanzi ili vishike maji, na inadhaniwa vilihifadhi chaza za chambo. Chini ya nyumba kadhaa hupita mifereji ya maji machafu.

Kinachotawala chumba ni kabati. Limejengwa kwa rafu mbili za jiwe zilizobebwa na miguu ya jiwe, nalo limewekwa mkabala na mlango ili mtu anayeingia, akiwa ameinama kwa ufupi wa mlango wenyewe, ainuapo uso alione kabla ya kumwona mwenye nyumba. Hakuna awezaye kunishawishi kwamba lilikuwa la kuhifadhia tu. Mtu huweka akiba yake mahali pa siri, na vyombo vyake vizuri mbele ya wageni, na hawa waliweka mbele ya wageni. Nilimwambia mpwa wangu hivyo, akajibu, "Mjomba, kumbe ni sebule ya bibi kule Kilwa Masoko, na seti yake ya vikombe visivyonywewa chai." Sikuwa na la kuongeza.

Jambo jingine ambalo picha hazionyeshi ni kwamba nyumba hizi hazikusimama wazi kwenye upepo. Zilijengwa ndani ya jaa: majivu, samadi, magamba ya chaza, mifupa na takataka za miaka mingi, vilivyolundikwa na kushindiliwa kuzizunguka hadi karibu na paa, vikazuia baridi na kushikilia kuta. Njia za kutoka nyumba hadi nyumba zilikuwa vichochoro vya chini vilivyofunikwa kwa mabamba, hivyo jirani alimtembelea jirani bila kutoka nje. Walifuga ng'ombe na kondoo, wakapanda shayiri, wakavua samaki. Ukiondoa harufu, ambayo lazima ilikuwa kali, yalikuwa maisha ya joto na ya karibu mno.

Nyumba moja inatofautiana na nyingine, ile wataalamu wanayoiita ya saba. Imejitenga, mlango wake ulifungwa kwa komeo la upande wa nje, na chini ya ukuta wake walizikwa wanawake wawili. Sasa imefunikwa ili isiharibike. Mgeni anaonyeshwa nakala yake karibu na jengo la wageni, yenye paa na moto wa bandia, nayo inafaa kwa watoto.

Jumatatu: Stenness, Brodgar na Maeshowe

Siku hii ilikuwa nzito kuliko zote. Kuna ulimi mwembamba wa ardhi kati ya maziwa mawili, Harray lenye maji baridi na Stenness linaloingiliwa na maji ya chumvi, na juu ya ulimi huo na kandokando yake watu wa Zama za Mawe walijenga vitu vingi kiasi kwamba mwaka 1999 UNESCO iliyaorodhesha maeneo haya pamoja na Skara Brae kuwa Urithi wa Dunia.

Tulianza na mawe ya Stenness, ambayo ni miongoni mwa maduara ya mawe ya zamani zaidi Uingereza, yapata mwaka 3100 KK. Yaliyobaki wima ni machache, lakini ni marefu, marefu kuliko mtu mara tatu, na membamba ajabu, vilele vyake vimekatwa mshazari. Ukilitazama moja kwa ubavu, jiwe lililokuwa pana kama ukuta linakuwa ubamba tu mbele ya anga. Katikati ya duara kuna mabamba yaliyolazwa kufanya mraba, na yeyote aliyetoka Skara Brae siku iliyotangulia analitambua mara moja: ni jiko, la namna ileile ya nyumbani, ila kubwa. Hatua chache kando ya ziwa kuna misingi ya kijiji cha Barnhouse, kilichogunduliwa mwaka 1984, chenye majiko na vitanda vilevile. Nadhani hapa ndipo nilipoanza kuacha kuyaona haya kama mahekalu ya fumbo, kama vitabu vya utalii vinavyopenda kusema. Waliyajenga kwa mfano wa jambo walilolijua zaidi, yaani nyumba yenye moto katikati.

Karibu na hapo palikuwa na jiwe jingine, lililoitwa la Odin, lenye tundu. Wachumba walipitisha mikono tunduni, wakashikana na kula kiapo, na kiapo hicho kilihesabiwa kuwa cha kweli. Desemba mwaka 1814 mkulima mpangaji, mtu wa kuja, alichoshwa na watu wanaokanyaga shamba lake akalivunja jiwe hilo, na akaangusha na jingine la duara kabla hajazuiwa. Wenyeji walikasirika mno, na kwa jinsi mwenyeji wetu alivyotusimulia mezani, hasira hiyo haijaisha.

Duara la Brodgar, upande wa pili wa ulimi, ni kubwa zaidi, kipenyo cha mita 104, na inafikiriwa lilikuwa na mawe 60. Leo yapo wima 27. Kinachostahili kutazamwa kwa muda mrefu si mawe bali handaki linalolizunguka, kwa sababu lilichimbwa ndani ya mwamba wenyewe na watu waliokuwa na mawe, mifupa na mbao tu. Sehemu ya njia ya ndani ilikuwa imefungwa ili majani yapone kutokana na nyayo zetu sote. Jiwe moja lilipasuliwa na radi mwaka 1980, na katika jingine Mnorse wa baadaye, yaani mtu wa Skandinavia ya kale, alichora jina lake, Bjorn. Nakiri kwamba Brodgar linanigusa kidogo kuliko Stenness. Ni zuri mno kwa mbali, na ukilikaribia linabaki zuri vilevile, bila kuongeza neno.

Katikati ya maduara haya mawili kuna uwanja wa majani usio na kitu. Chini yake kuna Ness of Brodgar, iliyojulikana mwaka 2003 na kuchimbwa kila kiangazi chini ya uongozi wa Nick Card hadi mwaka 2024: majengo makubwa yaliyobanana, kuta zilizopakwa rangi, ukuta wa kuzingira wenye unene wa mita nne, na mifupa ya mamia ya ng'ombe waliochinjwa katika karamu wakati jengo kuu lilipoachwa. Uchimbaji ulipomalizika walilifukia eneo lote tena. Watalii kadhaa walinung'unika mbele yetu kwamba hakuna cha kuona. Mimi naona wachimbaji walifanya uungwana, kwa kuwa jiwe hili linalogawanyika kwa urahisi huendelea kugawanyika likiachwa kwenye mvua na barafu, na ukuta uliodumu miaka 5,000 chini ya udongo usingedumu muda mrefu juu yake.

Maeshowe, kaburi la Zama za Mawe, tuliiacha mwisho, kwa kuwa huingiwa kwa zamu, pamoja na kiongozi, na kwa basi linalotoka kituo cha wageni. Kwa nje ni kilima cha majani chenye upana wa mita 35 na kimo cha mita saba. Kuingia ni kwa ujia wa takriban mita kumi, mfupi kiasi kwamba mtu mzima hukunja mgongo njia yote, huku kandoni na juu ya kichwa chako yakipita mabamba marefu yaliyonyooka kama yamerandwa. Kisha unasimama wima ghafla ndani ya chumba cha mraba cha mita nne na nusu hivi, ambacho kuta zake zinapanda na kukaribiana kidogo kidogo, kila tabaka likitokeza mbele ya lililo chini yake. Nilipitisha kiganja karibu na viungio bila kugusa. Sidhani ncha ya kisu ingeingia katika baadhi yake. Hakuna chokaa. Limejengwa yapata mwaka 2800 KK, na ujia wake umeelekezwa ili katika majuma ya siku fupi kuliko zote, Desemba, jua linapotua mwanga wake upite ujiani na kuangukia ukuta wa nyuma.

Katika karne ya 12 Wanorse walivunja paa na kuingia. Walichora kutani kwa runi, yaani herufi zao za kale, na yapo maandishi zaidi ya 30, moja ya makusanyo makubwa ya runi nje ya Skandinavia. Kiongozi aliyatafsiri kwa tochi. Moja linasema mahujaji wa Yerusalemu walikivunja kilima hiki. Jingine linadai yamechorwa na mtu mjuzi kuliko wote wa runi magharibi ya bahari. Jingine linamtaja Ingigerth kuwa mzuri kuliko wanawake wote, kando ya mchoro wa mbwa anayetoa udenda. Moja lipo juu kabisa ya ukuta, na linasema tu kwamba Tholf Kolbeinsson ameyachora haya juu. Kundi letu lilikuwa kimya kwa heshima ya wafu hadi hapo, kisha likacheka.

Jumanne: Kirkwall

Mvua ilinyesha kutwa, tukabaki mjini. Kanisa kuu la Mtakatifu Magnus lilianzishwa mwaka 1137 na Rognvald, jarl (mtawala) wa Orkney, kwa jiwe la mchanga jekundu na la manjano, kwa ukumbusho wa mjomba wake Magnus aliyeuawa katika kisiwa cha Egilsay. Mwaka 1919, mafundi walipokuwa wakikarabati, walikuta sanduku la mifupa ndani ya nguzo, na fuvu lake lina jeraha linalolingana na simulizi ya kuuawa kwa Magnus. Rognvald mwenyewe alikwenda Yerusalemu kati ya mwaka 1151 na 1153, na mahujaji waliojichora Maeshowe huenda walikuwa wafuasi wake.

Inafaa kukumbuka kwamba Orkney ilikuwa ya Wanorwe hadi mwaka 1468, mfalme Christian I wa Denmark na Norwe alipoiweka rehani kwa Uskochi dhidi ya mahari ya binti yake Margaret. Mahari hayo, ambayo huko hutolewa na upande wa mke, hayakulipwa, na rehani haikukombolewa. Mpwa wangu, ambaye anapanga posa, aliisoma habari hiyo mara mbili.

Jumatano: Rousay

Kivuko kidogo hutoka Tingwall na kufika Rousay kabla ya nusu saa. Kisiwa kina barabara moja tu inayokizunguka, na makaburi ya kale mengi kiasi kwamba wapo wanaokiita Misri ya Kaskazini. Hatukuyamaliza. Taversoe Tuick ni la ghorofa mbili, kila ghorofa na mlango wake, na liligunduliwa mwaka 1898 wakati bwana wa kisiwa, Jenerali Burroughs, alipotaka kujengewa mahali pa kukaa na kutazama mandhari. Leo unashuka chini kwa ngazi ya chuma, peke yako, bila mlinzi wala tiketi.

Midhowe inahitaji kuteremka kilima kirefu hadi ufukweni, na kurudi ni kazi. Kaburi lenyewe limefunikwa na jengo la mawe kama ghala, na wageni hutembea juu yake kwenye madaraja ya chuma. Ni chumba kirefu cha mita 23, kilichogawanywa kwa mabamba yaliyosimama jozi kwa jozi kufanya vizizi 12. Lilipochimbwa mwaka 1932 na 1933 yalipatikana mabaki ya watu 25, wengi wakiwa juu ya rafu za upande mmoja, wengine wameketishwa wakiegemea ukuta, wengine mifupa yao imekusanywa na kurundikwa, ishara kwamba walio hai waliingia na kutoka na kuwapanga upya wazee wao. Rafu hizi ni zilezile za Skara Brae. Mabamba yanayogawa vizizi nitayaona tena kesho, nikiwa ndani ya nyumba.

Hatua chache tu kutoka hapo, kukiwa na pengo la zaidi ya miaka 3,000, kuna ngome ya duara ya Zama za Chuma iitwayo Midhowe Broch. Kuta zake bado zinazidi mita nne. Ndani kuna ukumbi uliogawanywa kwa mabamba makubwa, jiko, na kisima kinachopata maji kutoka chini ya mwamba. Tulikuta yamejaa, safi. Upande mmoja wa nje ukuta ulianza kulemea, na wajenzi wakausimamishia mabamba wima kama viegemeo. Dosari hiyo ya mafundi ilinifurahisha kuliko ukamilifu wa Maeshowe. Vipande vya vyombo vya Kirumi vilipatikana humo, ingawa Roma haikuvitawala visiwa hivi kamwe.

Kati ya makaburi na bahari tulipita kuta za mashamba yaliyoachwa. Katikati ya miaka ya 1840 wapangaji wa Quandale, kaskazini magharibi ya kisiwa, waliondolewa na mwenye ardhi ili kupisha kondoo. Vibao vya maelezo ni virefu kwenye makaburi na vifupi hapa, jambo ambalo sikulipenda.

Upande huohuo, Westness, mwaka 1963 mkulima akichimba shimo la kumzika ng'ombe wake aliyekufa alikuta bruchi, yaani pambo la kubania nguo, ya fedha na dhahabu. Lilikuwa kaburi la mwanamke wa zama za Waviking na mtoto mchanga. Bruchi sasa iko Edinburgh.

Alhamisi: Papa Westray

Ndege ya kutoka Kirkwall ina viti vinane, na mpwa wangu alipewa kile cha kando ya rubani. Ilitua kwanza Westray, kisha ikaruka kwenda Papa Westray, safari ya kilomita 2.7 inayotambuliwa kuwa safari fupi kuliko zote za ratiba duniani. Haifiki dakika mbili. Kabla sijamaliza kutazama mkondo wa chini tulikuwa tumeshatua.

Wanaoishi hapa hawafiki mia, na walitusalimu wote tuliokutana nao. Tuliuvuka uwanja wa malisho wa shamba moja hadi pwani ya magharibi, ambako iko Knap of Howar: nyumba mbili zilizoshikana ubavu, za takriban mwaka 3600 KK, ambazo zinahesabiwa kuwa nyumba za mawe za zamani zaidi zilizosimama kaskazini magharibi ya Ulaya. Hapa hakuna anayekuzuia kuingia. Niliinama mlangoni, nikasimama juu ya sakafu, na ukuta ukanifika begani. Nyumba kubwa imegawanywa kwa mabamba yaliyosimama, na hayo ndiyo niliyoyakumbuka kutoka Midhowe: nyumba hii ni ya zamani zaidi, na waliojenga kaburi lile waliiga chumba cha kuishi. Kuna jiwe la kusagia lililoachwa mahali pake, limechimbika katikati kwa kusuguliwa miaka na miaka. Ujia mfupi unakupeleka nyumba ya pili, ambayo ina vidaka vingi na huenda ilikuwa ghala na karakana.

Niliketi kwenye benchi la jiwe la ukutani, na upepo uliokuwa ukitusumbua tangu uwanjani ukakatika. Nje ya mlango, kwa hatua chache, ni bahari. Nyumba ilipojengwa haikuwa hivyo. Ilikuwa ndani, nyuma ya malisho na vilima vya mchanga, na maji yamekula ardhi hadi hapa. Sasa ufukwe umewekewa ukuta wa mawe. Mimi ni mtu wa Kilwa, na jambo hili halikuwa geni kwangu: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, mmomonyoko wa pwani ukiwa mmoja wa sababu, na yakaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuhami kuta na fukwe. Tofauti ni kwamba Orkney ina mamia ya maeneo ya namna hii ukingoni mwa maji, na haiwezekani kujenga ukuta mbele ya kila moja. Mengi huchimbwa kwa haraka, hupimwa, kisha huachiwa bahari.

Tulirudi kwa njia ya kaskazini, ambako buabua wa Aktiki wametaga. Ndege hawa hutoka hadi karibu na Antaktika kuja kuzaa hapa, na hawana subira na mtu yeyote. Mmoja alimdonoa mpwa wangu utosini hata akavaa mkoba kichwani hadi uwanja wa ndege.

Ijumaa: Brough of Birsay

Brough of Birsay ni kisiwa kidogo kwenye pembe ya kaskazini magharibi ya Mainland, kinachounganishwa nayo kwa njia ya saruji inayoonekana maji yakipwa tu. Unazo takriban saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baada yake. Tulitazama jedwali la maji tangu jana na kufika njia ikiwa bado inachuruzika, imejaa mwani unaoteleza.

Hapa waliishi Wapikti, watu wa kale wa kaskazini ya Uskochi, na baada yao Wanorse, ambao kuta za nyumba zao ndefu zinateremka kwenye mteremko hadi ukingoni. Baadhi zimeshakatika na kuanguka. Jiwe la Kipikti lililopatikana hapa, ambalo nakala yake imesimamishwa mahali pake, lina tai, alama zao za kawaida na wapiganaji watatu wenye mikuki na ngao za mraba, wanaotembea kwa mstari. Wa mbele ana nywele zilizosukwa vizuri zaidi, na ngao yake imepambwa kuliko za wenzake, nami nikarudi kumtazama mara ya pili. Katikati ya makazi kuna kanisa dogo la karne ya 12, lenye benchi la mawe lililoambaa na ukuta.

Tulipanda hadi mnara wa taa wa mwaka 1925, tukawaona ndege wa majabalini kwa wingi, kisha mpwa wangu akaanza kutazama saa yake. Tulivuka maji yakiwa bado mbali. Kasri la Jarl Robert Stewart, ng'ambo, tulilizunguka kwa muda mfupi. Ni gofu kubwa la karne ya 16 la mtu aliyewatesa watu wa hapa kwa kodi, na baada ya Knap of Howar halikuwa na cha kutuambia. Atakayekuja Birsay na alitazame hilo kwanza, wakati anasubiri maji yapwe, na saa zake zote nne aziweke kwa kisiwa.